Mita 60 za Ruaha Mdogo

Iringa imejengwa juu ya kilima, na mto wake ukaachwa bondeni. Wajerumani walipoweka boma lao hapa mwishoni mwa karne ya 19 walitaka mahali penye hewa safi na penye kuona mbali, na mji ukakua kuanzia hapo juu: soko, hospitali, nyumba za ibada, maduka ya Miyomboni na Mashine Tatu. Mto Ruaha Mdogo ukabaki chini Ipogolo, pamoja na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia. Abiria wa mabasi wanauona kwa muda wa kuvuka daraja tu. Wakazi wa juu wanaweza kumaliza miaka bila kuufikia, ingawa maji wanayofungulia bombani yanatoka humo humo.

Nilihamia hapa kutoka Tanga nikiwa mwalimu mpya wa sekondari. Kwetu jioni ikiingia watu hushuka Raskazone kupunga upepo. Wazee hukaa, watoto hukimbia mchangani, vijana huogelea, na hakuna anayekuuliza umefuata nini, kwa kuwa bahari yenyewe ni jibu tosha. Nikaja na mazoea hayo kwenye mji ulioinuka kama mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako ikifika Juni na Julai, jua likizama tu, watu wameshavaa masweta na kuusogelea moto. Vipindi vikiisha nilivaa raba nikatoka. Mwanamke anayetembea bila ndoo kichwani wala kikapu mkononi huwatia watu wasiwasi, na mwenye wasiwasi zaidi alikuwa mama mmoja jirani yangu, Mhehe wa makamo, aliyekuwa akichambua maharage kibarazani kwake.

"Kamwene, mwalimu. Mbona mbio hivyo, kuna msiba?"

"Kamwene, mama. Hakuna msiba, natembea tu."

"Unatembea tu." Akaziangalia raba zangu. "Basi kama miguu inatafuta njia, kesho asubuhi nipitie. Mimi nashuka mtoni."

Tulikuwa tunakaa upande wa mteremko unaoelekea Ipogolo. Njia aliyonipitisha ilikatiza nyuma ya nyumba, ikapita katikati ya mikaratusi, ikateremka kwenye mawe makubwa ambayo ndiyo sura ya Iringa yote, kisha ikafunguka bondeni. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji. Nilikuwa nimekwisha kukaa hapa zaidi ya muhula mzima, na sikuwa nimejua kwamba kuna mahali kama pale umbali wa kutembea kutoka mlangoni kwangu.

Yeye hakuja kutazama ukungu. Alikuja kwenye kinyungu chake. Vinyungu ni bustani za bondeni ambazo watu wa mikoa ya Iringa na Njombe hulima wakati wa kiangazi, mvua zikiwa zimekatika na mashamba ya juu yamekauka. Udongo wa pale ni mweusi na una unyevu wake wa chini kwa chini. Unainua matuta mapana, unachimba mifereji kati yake ili maji ya ziada yapate pa kukimbilia, na Septemba, wakati mji mzima una rangi ya vumbi, wewe unavuna mahindi mabichi, maharage na maboga. Mama alivua kandambili, akaingia kati ya matuta, akawa ananionyesha kwa mkono: hapa mboga za kula, hapa za kuuza, hapa mbegu. Akaniambia kinyungu hicho ndicho kilichosomesha watoto wake. Nami nikakaa juu ya jiwe nikaangalia mto ukipita, na baada ya hapo nikawa nashuka naye kila nilipopata nafasi.

Nimeanza na kinyungu kwa sababu watu wengi wakisema burudani ya nje wanafikiria mahali penye geti, viti vya plastiki, nyama choma na spika kubwa. Siwalaumu, nyama choma ni tamu. Lakini ukiutafuta mji wetu kwa njia hiyo utaona una sehemu chache za kupumzikia, utasema Iringa hakuna pa kwenda, na utakuwa umepitwa na mambo mengi. Sehemu zote nilizozipenda hapa nilionyeshwa na watu waliokuwa kazini: mama kwenye kinyungu chake, wavulana wanaochunga mbuzi, vijana wanaochota mchanga, wagema wa ulanzi, pombe ya mianzi. Wao ndio wenye njia. Mtu anayetaka kutembea hana budi kuwasalimia kwanza, na salamu ya Kihehe inafungua bonde kuliko ramani.

Uvuvi nilifundishwa na mvulana wa darasa la tano, na bado navua kwa mtindo wake. Fimbo ni mwanzi mwembamba uliokaushwa kivulini ili usipasuke. Mshipi ni wa nailoni, urefu sawa na fimbo au unazidi kidogo. Kiboya anakikata kutoka kwenye kandambili iliyokwisha, kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, anakitoboa kwa msumari wa moto. Chambo ni nyungunyungu, na hawa hawachimbwi popote tu. Alinionyesha penye majani yaliyooza pembeni ya mfereji wa kinyungu, akaniambia nichukue wale wekundu, weupe hulegea upesi majini. Kisha unatafuta mahali ambapo maji yanazunguka nyuma ya jiwe, unatupa, unakaa kimya. Kambale hupenda maji yaliyochafuka kidogo baada ya mvua, na hupenda jioni. Kiboya hakizami ghafla. Kinatetemeka kwanza, kinatembea pembeni kama kinavutwa na mtoto, na hapo mwenye papara huvuta na kukosa. "Madamu, subiri amalize kuwaza," aliniambia. Darasani alikuwa mtoto asiyeinua mkono, kama alivyonieleza mwalimu wake baadaye. Ukingoni alikuwa akinifundisha kwa sauti ya mtu mwenye uhakika na somo lake, hatua kwa hatua, akirudia pale niliposhindwa. Tangu wakati huo mwanafunzi mkimya simhukumu kwa ukimya wa darasani peke yake. Nashuka naye mtoni kwanza.

Kuogelea ni habari nyingine, na hapa nawaomba wazazi wanisikilize. Kichocho kipo katika mito na madimbwi mengi ya nchi yetu. Vimelea vyake hukulia ndani ya konokono wadogo wanaokaa penye maji yaliyotulia na majani, kisha huogelea na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, bila hata kidonda. Dawa ipo, na shule nyingi hugawa, lakini mtoto anaporudi majini anaambukizwa tena. Kwa hiyo wanangu wamekua kando ya mto bila kuogelea humo. Wanavua, wanaruka mawe, wanahesabu ndege, wanakaa. Mtu wa pwani kama mimi ilinichukua muda kukubali kwamba maji yanaweza kufurahiwa kwa kukaa kando yake.

Juu ya mji kuna jiwe la Gangilonga, na hili kila mgeni huambiwa. Wahehe husimulia kwamba Mtwa Mkwawa, mtawala wao, alikuwa akija kutafakari pale, na kwamba jiwe lilimpa habari ya ujio wa Wajerumani. Jioni wanafunzi wa vyuo hupanda kupiga picha, na wanafanya vizuri, mandhari ni ya kipekee: mabati ya mji yanang'aa, bonde la Ruaha linaonekana lote, na ng'ambo vilima vinapishana hadi vinageuka buluu. Ushauri wangu ni kupanda asubuhi mwezi Mei, mvua zikiisha, hewa ikiwa imeoshwa. Mwamba ukiwa mkavu unashika soli vizuri. Ukiwa na umande, yale magamba ya kijivu na ya chungwa yaliyoota juu yake huteleza kama sabuni, na mtu apande kwa mikono na miguu bila kuona haya. Saa nane mchana jiwe limekula jua, huwezi kulikalia.

Upande wa barabara ya Dodoma kuna michoro ya Igeleke, watu na wanyama waliochorwa kwa rangi nyekundu chini ya mwamba uliojiinamia. Nimeenda pale na wageni, nimeenda peke yangu. Hutumii muda mrefu. Unasimama, macho yanazoea kivuli, na taratibu mchoro mmoja baada ya mwingine unajitokeza.

Kalenga tunaenda kwa baiskeli, kwa barabara ya kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kabla ya jua kuwa kali ni safari ya watu wa rika lolote, na kuna mahali pa kununua miwa na mahindi ya kuchoma njiani. Ngome ya Mkwawa ilikuwa Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo huu huu. Wajerumani waliipiga kwa mizinga ikaanguka tarehe 30 Oktoba 1894, na yeye akaendelea kupigana porini hadi alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Fuvu lake, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, limehifadhiwa katika makumbusho pale. Nimesomesha historia miaka mingi, nikiandika tarehe hizo ubaoni na kuona vichwa vikiinama kunakili. Wanafunzi waliofika Kalenga kwa miguu yao na jasho lao huuliza maswali mengine kabisa. Mmoja aliwahi kuutazama mto akauliza wenye ngome walikuwa wanachota maji wapi siku ya vita. Jibu sikuwa nalo kitabuni. Tulikwenda ukingoni tukakadiria wenyewe, tukapima hatua, tukabishana, na kengele ya kumaliza kipindi haikuwepo.

Isimila ndiyo safari kubwa ya wanafunzi. Ni kama kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya. Baiskeli kule siruhusu kwa sababu ya malori, tunapanda daladala hadi njiapanda, kisha tunaingia kwa miguu. Mwaka 1951 kijana mmoja wa shule kutoka Afrika Kusini, aliyekuwa akipita nchini, aliokota pale zana za mawe, na miaka michache baadaye mtafiti Clark Howell na wenzake wakachimba. Kumbe korongo lote lilikuwa limejaa mashoka ya mkono ya watu walioishi kando ya ziwa dogo lililokwisha kukauka, pamoja na mifupa ya wanyama, akiwemo kiboko wa aina iliyotoweka ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa kuliko ya huyu wetu. Umri wa zana hizo huhesabiwa kwa mamia ya maelfu ya miaka. Ukiinama utaziona zimelala chini, nzito, zimechongwa pande zote mbili, na ukiruhusiwa kushika moja utashangaa jinsi inavyokaa kiganjani. Zinabaki pale pale. Kazi ya mgeni ni kuangalia. Baada ya hapo mnashuka kwenye korongo la nguzo, udongo na mchanga uliochongwa na mvua na upepo hadi ukabaki minara mirefu kuliko nyumba. Watoto hunyamaza wenyewe. Huwa nawaacha wanyamaze, sielezi chochote mpaka mmoja wao aanze.

Sasa nirudi chini mtoni, maana huko ndiko moyo wangu uliko na ndiko kuna kazi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria hiyo iliandikwa kulinda maji, na Iringa ina sababu zote za kuiheshimu. Ruaha Mdogo huungana na Ruaha Mkuu kabla ya bwawa la Mtera, na tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakibanana kwenye madimbwi yaliyobaki. Tone linalotoka kwetu lina safari ndefu: linapita Mtera, linakwenda kuzungusha mitambo ya Kidatu, linawasha taa za watu wasioujua mto huu. Hayo yote huelezwa kwenye mikutano. Ambalo sijasikia likielezwa ni kwamba mita 60 kila upande, kwa urefu wote ambao mto unaugusa mji, ni bustani ya umma ambayo tayari tunayo. Hakuna haja ya kununua kiwanja wala kumhamisha mtu nyumba. Inatakiwa njia ya miguu, miti, na watu wanaopita.

Lakini katika mita hizo yumo mama yangu wa kinyungu. Mara kwa mara hutolewa amri ya kuwaondoa wakulima wa ukingoni, mazao hung'olewa, na msimu unaofuata wanarudi kwa sababu njaa haijui mipaka. Mimi sikubaliani na wanaosema wakulima hao ndio adui wa mto. Wengi wao ndio waliokuwa wakiangalia mto huu kila siku wakati sisi wa juu tulikuwa hatujui hata rangi yake. Yule mama alijua jiwe gani maji hulifikia mwezi gani, na alikuwa wa kwanza kuniambia kwamba yamepungua. Wala sikubaliani na kulima hadi mguu wa mwisho, ukingo unapomong'onyoka na mfereji unapomwaga tope na dawa za kuulia wadudu majini. Mambo haya mawili nayashika pamoja, na kuyashika pamoja nimejifunza kwa kupita pale kila wiki nikizungumza na mtu mmoja mmoja.

Miaka kadhaa baadaye njia yetu ya kushukia ilifungwa. Kiwanja kilikuwa kimenunuliwa, mwenye nacho akajenga ukuta kutoka kona hadi kona. Hakuwa mtu mbaya, hakuna aliyemwambia kwamba watu hupita. Watu wachache tulioizoea njia ile tungezunguka kwa barabara ya lami na kuisahau. Ila kufikia wakati huo hatukuwa wachache tena. Tulikuwa tumeanza matembezi ya Jumamosi, nayo yalikuwa yamekusanya walimu, wauguzi, mafundi, akina mama wa vikoba, wastaafu wawili walioambiwa na daktari wafanye mazoezi, na kundi la watoto wasiohesabika. Tulikwenda nyumbani kwake tukiwa wengi, asubuhi, kwa adabu, tukiongozwa na yule mama aliyekuwa akipita pale tangu akiwa binti. Hakutoa hotuba. Alimwambia, "Baba, sisi tunaomba upana wa mtu mwenye ndoo kichwani." Ukuta ukarudishwa nyuma upande mmoja, na uchochoro upo hadi leo. Njia ikipitwa kila siku ina watetezi. Ikipitwa na mtu mmoja inakufa kwa ukuta mmoja, na hakuna sheria itakayoifufua, hata iandikwe vizuri namna gani.

Ndiyo maana nawasihi vijana wanaoniambia wanakwenda mbuga kubwa kupiga picha, waanze na hapa. Ruaha ya tembo na simba ni fahari yetu, na kila Mtanzania anayeweza aione. Lakini mbuga ile ina askari wake na bajeti yake. Ukingo wa Ipogolo una sisi tu. Asiyewahi kuukanyaga hatajua umepungua, na asiyejua hatasema kitu siku utakapomalizika.

Mama jirani hatembei tena mbali, magoti yamechoka. Binti yake ndiye mwenye kinyungu sasa, na mwaka juzi yeye na wakulima wenzake wa kipande kile walikubali kuacha ukanda ukingoni usiolimwa kabisa, na matuta yakaanzia nyuma yake. Kwa vipimo vya sheria ukanda huo ni mdogo mno. Unatosha watu wawili kupishana, na tumepanda mianzi ya ulanzi upande wa maji ili mizizi yake ishike udongo. Masika yake wenye matuta watagema, hilo lilikuwa sharti lao na ni sharti la haki. Kuelekea juu ya mto bado kuna vinyungu ambavyo wenyewe hawajakubali, na daraja la magogo lililochukuliwa na mvua halijarudishwa, kwa hiyo tukifika hapo tunageuza. Mkutano na wakulima wa upande ule umepangwa baada ya mavuno, na binti ndiye atakayezungumza.